Mlima Uliolala Ukiamka, Tuulize Habari za Mvua

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni wote, nawashukuru kwa kuja.

Jumapili ya tarehe 23 Novemba 2025, katika nchi kame ya Afar, kaskazini mashariki mwa Ethiopia, mlima uitwao Hayli Gubbi ulilipuka. Si mlima wa kimo cha kutisha, na wanajiolojia hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya kulipuka kwake katika miaka 12,000 hivi iliyopita. Siku hiyo ulirusha moshi na majivu hadi kilomita 14 hivi angani. Upepo ukayabeba majivu yale, yakavuka Bahari ya Shamu, yakapita juu ya Yemen na Oman, na muda si mrefu yakawa yamefika India, ambako mashirika ya ndege yalifuta baadhi ya safari. Kwenye vijiji vya wafugaji wa Afar malisho yaligeuka rangi ya kijivu, mifugo ikakosa pa kutia mdomo.

Siku zile watu wengi waliniuliza swali moja: je, hali ya hewa ya dunia itabadilika? Wapo waliouliza kwa hofu. Wapo pia waliouliza kwa matumaini, wakidhani huenda moshi ule utaipunguzia dunia joto hili linalotusumbua. Kwa mlima huo jibu ni hapana. Lakini swali lenyewe ni la maana sana, na ndiyo sababu nimeomba nafasi ya kulijibu kwa kirefu. Iko siku mlima mwingine uliolala utaamka, na jibu litakuwa ndiyo. Siku hiyo, wengi wetu tutafikiria baridi. Mimi nawaomba tufikirie mvua.

Nianze na huo usingizi. Tunaposema mlima umelala, tunaupima usingizi wake kwa umri wetu sisi. Babu hakuuona ukiwaka, babu yake babu hakuuona, basi tunauita mlima tu, tunapanda miti, tunajenga. Kwa mlima wenyewe miaka 500 si kitu. Huko chini miamba iliyoyeyuka, yaani magma, inaendelea kujikusanya taratibu, na ndani yake mna gesi zilizobanwa: mvuke wa maji, hewa ya ukaa, na gesi ya salfa. Njia ya juu ikiwa imezibwa na mawe yaliyoganda tangu mlipuko uliopita, gesi hizo hukosa pa kutokea. Ndiyo maana volkano inayotokota na kutema kila mara, kwa kawaida, hainitishi kama ile iliyonyamaza karne tano.

Mfano ninaourudia kila mara ni Pinatubo, kwenye kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino. Kabla ya 1991 mlima huo ulikuwa umelala kama miaka 500. Ulifunikwa na msitu mnene, na Waaeta, wenyeji wa milima ile, waliishi kwenye miteremko yake, wakilima na kuwinda. Tarehe 2 Aprili 1991 mvuke ulifumuka kwenye ubavu wa mlima. Wanasayansi wa taasisi ya volkano ya Ufilipino walikwenda na vipima tetemeko, baadaye wakaungana nao wenzao wa Marekani, wakaanza kuusikiliza mlima usiku na mchana. Wiki baada ya wiki matetemeko yaliongezeka, na gesi ya salfa iliyokuwa ikitoka ikapanda mara kumi. Kisha, ghafla, gesi ikapungua. Mtu asiyejua angefurahi. Wao walihofu kwamba njia inaziba na presha inapanda.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuwashawishi watu wahame. Unamwambiaje mtu kwamba mlima alioukuta, ambao hata babu zake waliukuta umetulia, utamwua wiki ijayo? Walitumia mkanda wa video ulioonyesha jinsi volkano zinavyoua: mawimbi ya majivu na gesi ya moto, mafuriko ya matope. Picha hizo zilikuwa za Maurice Krafft, Mfaransa aliyetumia maisha yake pamoja na mkewe Katia kupiga picha milima inayowaka. Wakuu wa serikali waliuona mkanda, wananchi wakauona, na makumi ya maelfu wakaondoka. Tarehe 3 Juni, siku 12 kabla ya mlipuko mkubwa, Maurice na Katia Krafft waliuawa na wingu la moto kwenye mlima Unzen, Japani, pamoja na watu wengine 41. Unzen nao ulikuwa umelala karibu karne mbili. Kila nikisimulia habari za Pinatubo nawataja wawili hawa, kwa sababu wapo watu walio hai leo kwa ajili ya kazi yao.

Mlipuko wenyewe ulikuja Jumamosi, tarehe 15 Juni. Mchana uligeuka usiku. Na kama vile hilo halikutosha, kimbunga kiitwacho Yunya kilipita siku hiyohiyo, karibu kabisa na mlima. Majivu makavu yakitua juu ya paa, unaweza kuyafagia. Yakilowa hugeuka mfano wa zege. Watu waliokuwa wamejificha ndani, wakisikiliza mawe madogo yakigonga bati, walisikia mbao zikianza kulia kwa uzito, na wengi wa waliokufa siku ile waliuawa na mapaa yaliyowaangukia. Vifo vilikuwa mamia. Bila ile kazi ya kuhamisha watu vingekuwa maelfu.

Sasa niingie kwenye kiini cha mazungumzo yetu, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Majivu ndiyo yanayoonekana kwenye picha, na ndiyo yanayosimamisha ndege. Lakini majivu ya volkano si majivu kama ya kuni. Ni mawe na vioo vilivyosagika, na kwa kuwa ni mazito, mengi huanguka ndani ya siku au wiki chache. Kinachobadilisha tabianchi ni salfa.

Chukueni milima miwili. Mount St. Helens, Marekani, ulilipuka tarehe 18 Mei 1980, ubavu mzima ukaporomoka, picha zake zikaenea dunia nzima. Gesi ya salfa iliyotoka ilikuwa kama tani milioni 1, na dunia kwa jumla haikuhisi tofauti ya maana. Miaka miwili baadaye, kati ya Machi na Aprili 1982, El Chichón kusini mwa Mexico uliamka baada ya kulala kama miaka 600. Mawe yaliyotoka hayakupishana sana na yale ya St. Helens. Salfa ilikuwa tani milioni 7, nayo ikatanda angani ikaizunguka dunia. Milipuko ya ukubwa unaokaribiana, na matokeo tofauti kabisa.

Nimeweka hapa mezani glasi ya maji safi na tochi. Naomba taa zizimwe. Mnaona mwanga unapita moja kwa moja, mweupe. Sasa nadondosha matone mawili matatu ya maziwa, nakoroga. Ninyi mliokaa pembeni mnaona maji yametanda weupe kama ukungu. Ninyi mliokaa mbele, ambao tochi inawaelekea, mnaona taa imefifia na imekuwa ya rangi ya machungwa. Maziwa hayakuuzuia mwanga kama ukuta. Yameutawanya: sehemu imekwenda kando, sehemu imerudi ilikotoka.

Ndivyo inavyofanya salfa. Gesi ikifika juu hukutana na mvuke wa maji, na katika muda wa wiki chache hugeuka matone madogo mno ya asidi ya salfa, kila tone dogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Anga huonekana jeupe zaidi mchana, na machweo huwaka mekundu kwa miezi. Wakati sisi tunayastaajabia machweo hayo, sehemu ya mwanga wa jua inarudishwa angani kabla haijafika ardhini.

Lakini lazima salfa ifike juu ya kutosha. Anga tunamoishi lina kitu mfano wa dari. Chini yake ndimo mlimo na mawingu na mvua, na chochote kinachoelea humo husafishwa na mvua baada ya siku chache. Juu yake kuna tabaka liitwalo stratosfia, ambako hakuna mvua ya kuosha kitu. Katika nchi za tropiki dari hiyo iko kwenye kilomita 16 au 17. Wingu la Pinatubo lilipanda hadi kilomita 35 hivi, likibeba tani kati ya milioni 15 na 20 za gesi ya salfa, na katika wiki tatu hivi likawa limeizunguka dunia nzima. Sasa mnaona kwa nini niliwaambia Hayli Gubbi hautabadilisha tabianchi: salfa yake ilikuwa chache mno ukiilinganisha na hiyo, na haikupanda kiasi hicho.

Januari 1992, timu ya James Hansen wa NASA ilichapisha utabiri: kwa salfa iliyotolewa na Pinatubo, wastani wa joto la dunia utashuka kama nusu nyuzi ya Selsiasi, upoe zaidi mwaka huo wa 1992, kisha urudi. Ikawa hivyo. Nawaomba vijana mnaosoma sayansi mlitazame jambo hili kwa makini, maana ni mara chache maumbile hutupa mtihani wa wazi namna hii, na majibu yakaandikwa kabla.

Nusu nyuzi inaonekana ndogo. Wapo wanaoniambia, basi mwalimu, hiyo si dawa? Milima ikilipuka mara kwa mara si joto litapungua? Naielewa hamu hiyo, lakini si dawa. Matone yale huanguka yote baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, ilhali hewa ya ukaa tunayoiongeza sisi hukaa karne na karne. Na kuna wanaosema kinyume, kwamba volkano ndizo zinazotoa hewa ya ukaa nyingi, sisi tunasingiziwa. Hilo nalo si kweli. Volkano zote za dunia kwa mwaka hazifikishi hata asilimia 1 ya ile tunayotoa kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi, ambayo ni tani zaidi ya bilioni 35.

Halafu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, jua likipungua hakipungui joto peke yake. Mvua huanzia kwenye jua. Jua ndilo linalokausha bahari, na tofauti ya joto kati ya nchi kavu na bahari ndiyo inayovuta pepo za masika. Ukiziba sehemu ya jua, bahari hutoa mvuke kidogo, nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na zile pepo hulegea. Baada ya Pinatubo, kati ya Oktoba 1991 na Septemba 1992, mvua juu ya nchi kavu duniani na maji ya mito yaendayo baharini vilipungua kuliko mwaka wowote katika kumbukumbu za vipimo vya nusu karne hivi. Ni kweli El Niño nayo ilikuwapo, na sehemu ya upungufu ule ni yake. Lakini haikutosha kuueleza wote.

Tena mahali mlima ulipo panabadilisha hadithi. Mlima wa tropiki mara nyingi hutawanya salfa pande zote mbili za dunia. Mlima wa mbali kaskazini huupoza upande wa kaskazini peke yake, na ule ukanda wa mvua unaofuata jua, ukipanda na kushuka kila mwaka, husukumwa kusini kuelekea upande uliobaki na joto. Nchi zilizo ukingoni mwa kaskazini wa ukanda huo, kwanza Sahel, ile nchi kame iliyo kusini mwa jangwa la Sahara, hubaki zikitazama mawingu yasiyofika. Mwaka 1912 Novarupta ulilipuka Alaska, na mwaka uliofuata Sahel ikapata mojawapo ya miaka mikavu kabisa ya karne nzima. Baada ya El Chichón ukaja ukame wa 1983 na 1984. Sisemi mlima peke yake ndio uliosababisha. Bahari zilikuwa na mkono wake pia. Lakini watafiti waliochunguza miaka mikavu kabisa ya Sahel tangu 1900 walikuta kwamba mingi kati yake ilitanguliwa na mlipuko mkubwa katika upande wa kaskazini wa dunia.

Tambora mmeisikia, sitakaa nayo sana. Aprili 1815, kisiwa cha Sumbawa, Indonesia: mlipuko mkubwa kuliko wote katika historia iliyoandikwa na mashahidi. Mwaka uliofuata theluji ilianguka mwezi Juni kaskazini mashariki mwa Marekani, mazao yakaoza mashambani Uswisi na Ujerumani, na huko Yunnan, China, mpunga ukafa kwa baridi. Watu wa wakati ule hawakujua kuuhusisha ubaridi ule na mlima wa Sumbawa.

Barafu ndiyo inayotuambia mengi tusiyoyaandika. Katika Greenland na Antaktika theluji ya kila mwaka hulala juu ya theluji ya mwaka uliopita, na asidi ya salfa ikianguka huzikwa humo. Wachimbaji wakitoa mche wa barafu wanaweza kuhesabu miaka na kupima asidi. Kwa miongo kadhaa waliona alama kubwa mno ya mwaka 1257 au 1258, kwenye ncha zote mbili za dunia, na hakuna aliyejua ni mlima gani. Mwaka 2013 timu ya Franck Lavigne ilionyesha kuwa ni Samalas, kwenye kisiwa cha Lombok, Indonesia. Na moja ya ushahidi wao ulikuwa maandishi ya kale ya wenyeji kwenye majani ya mtende, yanayosimulia jinsi mji wa Pamatan ulivyoangamia. Wenyeji walikuwa na habari hiyo muda wote, na dunia haikuwauliza.

Nitaje pia, kwa haraka, mlipuko wa Tonga wa tarehe 15 Januari 2022, kwa sababu ulitufundisha kutokariri. Volkano ile ilikuwa chini ya bahari. Badala ya salfa nyingi, ilirusha juu maji, tani kama milioni 150 za mvuke, zikaongeza maji yote ya stratosfia kwa karibu asilimia 10. Mvuke hushika joto, salfa hupunguza, na wataalamu wamejadiliana sana ni upande upi ulishinda.

Nimalizie na hadithi moja. Tarehe 8 Juni 1783 ardhi ilipasuka huko Laki, Iceland. Haukuwa mlipuko wa kishindo kimoja. Ufa uliwaka miezi 8, ukatoa gesi ya salfa kama tani milioni 120. Nchini Iceland kwenyewe majani yalitiwa sumu, mifugo ikafa, na karibu mtu mmoja kati ya kila watano akafa, wengi kwa njaa. Hayo yanajulikana. Yasiyojulikana sana ni yaliyotokea Misri.

Cairo, kwenye kisiwa cha Rawda, kuna nguzo ya mawe iliyosimamishwa mwaka 861 ndani ya kisima kilichokuwa kimeungana na mto Nile. Nguzo hiyo ina alama za vipimo. Kila mwaka wasimamizi walishuka ngazi, wakatazama maji yamefika alama ipi, na kwa alama hiyo nchi nzima ilijua kama itakula au haitakula. Mwaka 1783 maji hayakupanda inavyotakiwa. Mwaka 1784 pia. Mfaransa Volney, aliyekuwa akisafiri huko, aliandika kwamba katika muda wa miaka miwili Misri ilipoteza sehemu moja ya sita ya watu wake, kwa kufa au kwa kuhama. Watafiti walioiga hali ya mwaka ule kwa kompyuta waliona jambo lilelile: nchi za kaskazini zilipoa, pepo za mvua zikalegea Afrika na India, mvua ikapungua nyanda za juu za Ethiopia, na Nile ikakosa maji.

Yule msimamizi aliyeshuka ngazi akaona alama imebaki kavu, hakuwa na njia ya kujua chanzo. Leo setilaiti huiona salfa ndani ya saa chache, hupima ni tani ngapi na imefika kimo gani, na mitambo ya utabiri inaweza kutuambia msimu ujao utaelekea wapi. Lakini setilaiti huona kilichokwisha kutoka. Kujua kabla kunataka vipima tetemeko chini ya mlima wenyewe, na milima mingi iliyolala duniani haina hata kimoja. El Chichón haukuwa na timu ya kuufuatilia; watu wapatao 2,000 walikufa. Pinatubo uliwekewa vipimo baada ya mvuke wa kwanza kuonekana, na ikatosha kwa shida.

Laki ilipasuka mwanzoni mwa Juni. Wakati ule mto Nile ulikuwa ukifikia kilele Cairo mnamo Septemba. Kati ya moto wa Iceland na ile alama kavu ya Rawda kulikuwa na miezi mitatu: muda wa kuweka nafaka ghalani, kuzuia isiuzwe nje, kuwaambia wakulima wapande kinachostahimili ukame. Mwaka 1783 miezi hiyo ilipita bila mtu kujua ni miezi ya kujiandaa. Miezi hiyo mitatu ndiyo ninayoiombea vipima tetemeko, wataalamu wa kuvisoma, na simu kati ya ofisi ya volkano na ofisi ya mvua. Asanteni.